Mtoto mmoja, milango mitatu: klabu ya mtaani, shule ya soka au timu ya vijana ya Ligi Kuu?

Mtoto ana miaka 13, anapiga mpira kwa miguu yote miwili, na jioni moja mwalimu wa timu anapiga hodi. Wiki mbili baadaye anakuja mwingine, huyu ametumwa na shule. Kisha inaingia simu ya mtu asiyejulikana vizuri, anasema anatafuta vijana kwa ajili ya timu ya klabu ya Ligi Kuu. Mzazi wa Igoma au Mabatini, hapa Mwanza, ambaye juzi hakuwa na la kuamua sasa ana wageni watatu, na wote maneno yao ni matamu.

Nimekuwa meneja wa timu ya watoto upande wa Igoma kwa misimu 9. Kazi yangu ni kubeba madumu ya maji, kukusanya nakala za vyeti vya kuzaliwa na kukaa na wazazi baada ya mazoezi. Nimeona watoto wakipita njia zote tatu, na katika kila njia wapo waliofika na wapo walioumia. Ninachotaka ni kwamba unapokaa na hao wageni, uwe na maswali yako mwenyewe mkononi.

Milango yenyewe

Wa kwanza ni klabu ya kwetu, ile inayocheza Ligi ya Mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League au hata Championship, ngazi iliyo chini tu ya Ligi Kuu. Kikosi cha wakubwa kinalipwa nusunusu: posho baada ya mechi, wachache wana mishahara, wengine asubuhi wako kwenye bodaboda, gereji au kwenye dagaa pale Mwaloni Kirumba. Chini yake klabu inalea vijana wa mtaa.

Wa pili ni shule yenye soka ndani ya ratiba yake, mara nyingi ya bweni. Hapa Mwanza mfano unaojulikana na wengi ni Alliance ya Mahina, ambayo timu yake ya wanaume iliwahi kufika Ligi Kuu.

Wa tatu ni timu ya vijana ya klabu ya Ligi Kuu. Nyumbani tuna Pamba Jiji; mbali kuna Dar es Salaam, ambako Azam wana kituo chao Chamazi.

Tupime kwa kipi?

Kuna kipimo ambacho karibu kila mzazi anakitanguliza, nami naomba tukiweke pembeni: klabu inacheza ligi gani. Chukua mtoto wa Mwanza aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2016. Mwaka huo, kati ya klabu za hapa, Toto African walikuwa Ligi Kuu, na Mbao ndiyo kwanza wamepanda. Mei 2017 Mbao, kikosi cha vijana wasio na majina, wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam pale Dodoma na Simba wakawafunga 2-1. Msimu huohuo Toto wakashuka. Mwaka 2018 wakapanda Alliance. Msimu wa 2019/20 ulipoisha, Mbao na Alliance wote wakashuka, na mtoto wetu alikuwa na miaka 16 tu. Pamba nao, kwa jina la utani TP Lindanda, mabingwa wa Tanzania wa 1990, walikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi waliporudi msimu wa 2024/25.

Malezi ya mchezaji yanachukua miaka 6 au 7. Ukimpeleka mtoto mahali kwa sababu ya ligi, ligi inaweza kuondoka, mtoto akabaki palepale.

Vipimo ninavyovitumia mimi ni hivi: dakika anazocheza, masomo yake, mwalimu anayemfundisha, mfuko wa nyumbani, na mwili wake. Karatasi anazosaini nitaziweka peke yake mwishoni, kwa sababu sheria zake ni zilezile kwa milango yote na ndipo watu wengi wanapoumizwa.

Klabu ya kwetu

Dakika. Hapa ndipo klabu ya mtaani inapoizidi milango mingine. Kijana wa miaka 16 au 17 mwenye uwezo anaweza kuingizwa Ligi ya Mkoa acheze na watu wazima. Huko anajifunza kitu ambacho hakuna mazoezi ya koni yanayoweza kukifundisha: kuuachia mpira kabla beki hajafika, kusimama vizuri kona inapopigwa, kunyamaza anapotukanwa. Mtoto wa miaka 12 naye anacheza kila wiki, kwa sababu vikosi ni vidogo na mwalimu anamhitaji. Kasoro ni kwamba ligi za chini ni fupi. Zikiisha, klabu nyingine hulala miezi mitano na vijana wanajaza pengo kwa ndondo, mashindano ya mtaani. Kwa hiyo usiulize kama wana timu ya chini ya miaka 15. Uliza timu hiyo imecheza mechi ngapi tangu Januari, na zilikuwa dhidi ya nani. Angalia pia vijeba, waliozidi umri. Mashindano ya chini ya miaka 15 yaliyojaa wanaume wenye ndevu yatamvunja mguu mwanao na hayatamfundisha kitu.

Masomo. Hakuna anayeyasimamia isipokuwa wewe. Mazoezi yanaanza saa 10 jioni, mtoto anafika nyumbani saa 1 usiku akiwa amechoka, na Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Novemba kuna wa kidato cha nne. Nimekutana na walimu wawili tu wa klabu walioomba kuona ripoti ya shule kabla ya kumpanga mtoto. Ukimpata wa hivyo, mshike.

Mwalimu. Mara nyingi ni mmoja, anafundisha watoto na wakubwa, na anafanya kwa mapenzi. Mapenzi yana thamani kubwa, lakini muulize bila aibu amesoma kozi gani. Diploma D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, imetolewa kwa walimu wengi hapa nchini, na mwenye nayo atakuambia kwa furaha. Asiye nayo anaweza kuwa mwalimu mzuri vilevile. Tofauti utaiona kwenye mazoezi ya watoto wadogo. Mwalimu anayewakimbiza watoto wa miaka 11 kupanda mlima wa mawe kwa nusu saa bila mpira, hata awe na jina kubwa kiasi gani, hajui anachofanya.

Mfuko. Ada ni ndogo au hakuna. Kinachokula fedha ni nauli, njumu na chakula. Piga hesabu ya daladala kutoka Buhongwa hadi Kirumba, kwenda na kurudi, siku 4 kwa wiki, wiki zote za msimu, uone. Mama mmoja wa Mkolani alipomaliza hesabu hiyo alimhamishia mwanawe timu ya jirani na nyumbani, na mtoto akaongeza saa moja ya kulala kila siku.

Mwili. Viwanja vyetu vingi vina kokoto na vumbi. Uwanja wa Nyamagana una nyasi bandia, lakini timu za watoto haziupati kila siku. Sanduku la huduma ya kwanza mara nyingi ni chupa ya maji na plasta. Kuna na hili linalosahaulika sana kwetu watu wa ziwani: baada ya mazoezi watoto wanakwenda kuoga ziwani. Maji ya kando ya ziwa, penye nyasi na konokono, ndipo kichocho kinapopatikana. Mtoto mwenye kichocho anaweza kupungukiwa damu, akachoka haraka na kushindwa kumaliza mechi, na mwalimu akamwita mvivu. Nilikuwa na winga wa miaka 14 aliyekuwa akiishiwa pumzi dakika ya 20. Tulimpigia kelele mwezi mzima kabla bibi yake hajampeleka zahanati. Alipewa dawa, na baada ya wiki kadhaa alikuwa mtoto mwingine. Bado najilaumu kwa ule mwezi.

Mlango huu unamfaa mtoto aliye na mtu nyumbani wa kumsimamia masomo, anayeishi karibu na uwanja, na anayehitaji kucheza kuliko kitu kingine chochote.

Shule ya soka

Dakika. Timu zinapangwa kwa umri, mechi ni za umri, na mashindano ya UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) yanampa mtoto nafasi ya kuonekana nje ya mkoa. Tatizo ni wingi. Mtoto aliyekuwa mfalme wa Nyakato anafika akakuta wafalme wengine 30 wa mwaka wake, na ghafla yeye ni beki wa kushoto wa tatu. Kuna wanaokua kwa hilo na kuna wanaovunjika moyo. Uliza shule ina timu ngapi kwa kila umri, na wale wasio kwenye kikosi cha kwanza wanacheza lini. Shule nzuri ina jibu lenye siku na saa.

Masomo. Hapa shule inatakiwa kuizidi klabu, na nyingi zinaizidi: prepu ipo, mwalimu wa darasa na wa mpira wako sehemu moja, safari ya mechi inajulikana mapema. Lakini usikubali kwa sababu ya jezi nzuri kwenye kipeperushi. Matokeo ya kidato cha nne ya kila shule yako wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Fungua miaka mitatu mfululizo, usome. Ukiona daraja sifuri limejaa, jua kinachouzwa pale ni mpira peke yake.

Mwalimu. Kwa kawaida wako zaidi ya mmoja na kuna mpango wa mwaka.

Mfuko. Huu ndio mlango mzito: ada, bweni, sare, nauli za likizo. Wapo wanaopewa ufadhili, na hapo ndipo ninapowaomba wazazi wapunguze haraka. Mama wa Mabatini alinifuata uwanjani akilia. Mwanawe alikuwa amefutiwa nusu ya ada katika shule moja kwa sababu ya mpira. Akaumia goti mwezi wa tano. Mwezi wa saba akaambiwa alipe ada nzima au amchukue mtoto. “Mwanangu,” aliniambia, “mimi nilidhani wamempenda mtoto, kumbe wamelipenda goti.” Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo, kila mzazi ninayemjua anaambiwa hivi: ufadhili uandikwe, na iandikwe nini kitatokea mtoto akiumia, akishuka kiwango, au akitaka kuacha mpira aendelee na masomo.

Mwili. Chakula kina saa, usingizi una saa, na kwa mtoto anayetoka nyumba isiyo na uhakika wa mlo wa usiku hilo peke yake linaweza kumbadilisha. Mtoto wa miaka 12 anayemlilia mama yake kila Jumapili ni jambo la kuangaliwa pia. Nyumbani kuna kinga ambayo bweni halina.

Kwa binti, mlango huu una uzito wa pekee. Alliance Girls wamecheza Ligi Kuu ya Wanawake, na karibu na kwetu hakuna njia nyingi za aina hiyo. Klabu za mtaani zenye timu ya wasichana bado ni chache, na mazoezi ya jioni kurudi gizani ni wasiwasi wa kweli kwa mzazi. Binti mwenye kipaji na nafasi ya shule ya namna hii, mimi ningeitazama kwanza kabla ya nyingine.

Timu ya vijana ya klabu ya Ligi Kuu

Dakika. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 anatakiwa kujua kwamba uzito wa timu hizi uko kwa vijana wa chini ya miaka 20. Mtoto mdogo anaweza kuvaa jezi yenye jina kubwa na asipate ligi ya kueleweka. Kwa kijana wa miaka 17 hadi 19 mambo ni tofauti: anacheza na wenzake bora, na wa timu kubwa wanamwona kila siku. Ukuta unakuja baadaye. Kanuni za miaka ya karibuni zimeruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12, na kocha anayeogopa kufukuzwa Jumapili hampangi kijana wa miaka 18 Jumamosi. Kijana huyo mara nyingi hupelekwa kwa mkopo, na anakopelekwa ni klabu ya Championship au First League, yaani kulekule kwenye mlango wa kwanza. Ndiyo maana mimi siioni klabu ndogo kama mahali pa walioshindwa. Wengi watapita humo, ama mwanzo ama katikati.

Masomo. Kama timu iko Mwanza, mtoto anabaki shuleni kwake. Kama ni Dar, uliza jina la shule atakayosoma, nani atasaini ripoti yake, na atalala kwa nani. “Tutapanga akifika” lichukue kama hapana.

Mwalimu. Hapa kuna wingi ambao milango mingine haina: mwalimu wa makipa, daktari, pengine video za mechi.

Mfuko. Klabu ndiyo inayogharamia. Gharama kubwa ya mzazi hutokea kabla hajafika kwenye klabu yenyewe: mtu wa kati anaomba hela ya fomu, hela ya majaribio, hela ya kumwona kocha. Klabu inayomtaka mwanao haitumi mtu kuja kukuomba fedha stendi ya Nyegezi. Piga simu ofisi ya klabu uulize kama huyo mtu wanamjua.

Mwili. Kambi ina uangalizi, na mazoezi ni mazito. Mfupa wa miaka 14 hautakiwi kubebeshwa mazoezi ya miaka 19.

Karatasi

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15 aliposaini karatasi kwenye boneti ya gari baada ya mechi. Alidhani ni orodha ya nauli. Msimu uliofuata alitaka kuhama, klabu ile ikasema ni wao na inataka fedha, na kijana akakaa jukwaani mwaka mzima akitazama wenzake. Hakuna aliyekuwa na nakala, hata sisi.

Haya ndiyo ambayo mzazi ayajue. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Uhamisho wa kwenda nchi nyingine kwa kawaida unaruhusiwa kuanzia miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizo za mpira. Kwa hiyo anayekuahidi kumpeleka mwanao wa miaka 15 Ulaya mwezi ujao, mfungulie mlango atoke. Wakala naye lazima awe na leseni ya FIFA, na hawezi kumfuata mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi.

Kusajiliwa rasmi kuna faida, hasa kwa klabu ndogo. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na wa miaka 16 hadi 23 una 0.5. Tuseme kijana ameuzwa kwa shilingi milioni 100. Klabu ya Igoma iliyokuwa naye kwa usajili halali tangu miaka 12 hadi 17 ina haki ya milioni 2. Fedha hiyo ni ya klabu, haiji kwa mzazi, lakini inanunua mipira na nyavu za wadogo zake. Inapotea kabisa kama mtoto alichezeshwa miaka yote bila kusajiliwa, au kwa jina la mwingine.

Na umri uwe wa kweli. Mashindano ya chini ya miaka 17 ya CAF na FIFA yanatumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, picha inayoonyesha ukomavu wa mfupa. Mzazi anayepunguza miaka miwili kwenye cheti ili mtoto ang’are leo anaweza kumpotezea jezi ya taifa siku anayoitwa.

Nakala ya kila kilichosainiwa ibaki nyumbani. Kama hawataki kukuachia, usisaini.

Kwa hali yako

Mtoto ana miaka 10 hadi 13, mfuko ni mdogo, bibi au mama yupo nyumbani: klabu ya karibu na nyumbani inatosha kabisa, mradi anacheza kila wiki na hakai na vijeba.

Anamaliza darasa la saba, anapenda mpira na darasani anajiweza, na familia inaweza kubeba ada hata ufadhili ukifutwa: tazama shule. Kama ada itawezekana kwa ufadhili tu, nenda na maswali yale ya maandishi au subiri.

Ana miaka 17 au 18, amemaliza kidato cha nne, tayari anacheza Ligi ya Mkoa na anaonekana: jaribu timu ya vijana ya Ligi Kuu, na usikatae klabu ya Championship inayomhakikishia mechi. Kati ya jezi kubwa ya benchi na jezi ndogo ya uwanjani, katika umri huo mimi huwashauri ya uwanjani. Wapo walimu ninaowaheshimu wanaosema kinyume, kwamba mazoezi na wakubwa yanalipa zaidi. Kwa kijana mwenye moyo wa kusubiri wanaweza kuwa sahihi.

Ni kipa: usifuate dakika peke yake, kwa sababu kipa anacheza mmoja. Fuata palipo na mwalimu wa makipa, hata kama ni mbali.

Unaishi Sengerema au Ukerewe: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtoto wa Sengerema anaweza kuja kwenye mechi bila kungoja kivuko, ingawa mazoezi ya kila siku bado ni safari ndefu. Wa Ukerewe hana njia hiyo. Acheze timu ya shule yake Nansio, afanye bidii UMITASHUMTA na UMISSETA, na uhamisho uje kwa bweni au kwa ndugu unayemwamini, si kwa mwalimu aliyeahidi kumlaza kwake.

Na uko popote, kabla hujajibu: nenda mazoezini Jumanne bila kumwambia mtu, kaa mbali chini ya mti, chukua simu uweke dakika 10, uhesabu mwanao ameugusa mpira mara ngapi. Rudi tena Alhamisi.